Siku Mama Zaina Alipokuja Kunichukua

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Malindi, mchana kweupe, wala sikuwa na homa.

Tunatengeneza karatasi kwa mkono, kwa nyuzi za migomba. Maji yanayobaki huwa meupe kama uji, na hatuyamwagi kijitoni kwa sababu watu wa bondeni wanayanywa. Tunayatia kwenye pipa pamoja na shabu, yale mawe ya kusafishia maji, iliyoyeyushwa, tunakoroga taratibu, tunayaacha. Uchafu unashikana na kuzama, maji ya juu tunayatumia tena. Aliyenifundisha ni Mama Zaina, mkali huyo, aliwahi kunichapa mwiko kwa kukoroga kwa pupa. Nilimpenda mno. Alipougua alinishika mkono akasema, "Nikifa, unioshe wewe na binti yangu." Nikaapa.

Siku ile nilikuwa peke yangu kazini, simu nimeizima nisisumbuliwe. Karatasi za mialiko ya harusi zilikuwa zinangojwa, na maji yalikataa kutulia. Nikaongeza shabu. Yakakataa. Nikaongeza tena. Si unamjua mtu akishikwa na haraka?

"Umezidisha," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Mama Zaina, kasimama mlangoni, mtu ambaye kwa wiki tatu hakuweza kuinuka kitandani.

"Shikamoo mama!"

Hakuitikia. Kwetu huku mtu mzima haachi shikamoo ipite hivihivi, lakini nikadhani amechoka. Nje kulikuwa na manyunyu, na kanga yake ilikuwa kavu. Niliona, niamini, ila akili yangu yote ilikuwa kwenye pipa.

"Shabu ikizidi maji hayatulii, mwanangu. Yaache. Twende nyumbani."

"Nimalize kwanza, mama. Kaa hapo, ngoja kidogo."

Akakaa kwenye kigoda. Akangoja, wallahi, muda mrefu, ananitazama bila kugomba. Mama Zaina asigombe! Nilipogeuka kumuuliza kama atakunywa chai, kigoda kilikuwa kitupu, na kwenye tope la mlangoni hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Nilikimbia. Njiani nikakutana na wanaume wanatoka makaburini kumzika Mama Zaina. Alikuwa amefariki alfajiri. Binti yake Zaina alinipigia simu mpaka akakata tamaa, wakamwosha bila mimi.

Sijamwambia Zaina kwamba mama yake alikuja mwenyewe kunichukua. Nitaanzaje? Ananisalimu vizuri tu, ananiletea hata maboga, na mimi nikishafunga mlango nalia. Siku hizi akifa mwanamke yeyote kijijini, naacha kila kitu naenda kumwosha. Nimeshaosha wengi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Wewe unayenisikiliza, una mgonjwa? Acha hicho ulichoshika, uende. Usimwambie ngoja. Atakungoja kweli, kisha atakwenda zake.