Theluji ya Utemini

Jamani, leo nimetoka shuleni kwa mwanangu Neema na hasira tele!

Waliambiwa waandike kuhusu nyumbani kwao, kwa Kiingereza. Neema kaandika bibi yake anavyopepeta alizeti uani, vumbi likimpaka mvi. Sarufi mbovu, sikatai. Lakini mwalimu kachora ukurasa mzima wino mwekundu!

Mwenzake aliyepata alama zote kakariri insha ya kitabuni: theluji juu ya paa.

Theluji. Hapa hapa mtaani kwetu Utemini, kwenye jua kali!

Nikamwuliza, "Mwalimu, hiyo theluji umeiona wapi?"

"Mama Neema, haina kosa hata moja."

Wazazi wenzangu, mngemjibu nini?

Mimi niliaga nikaondoka. Nimefika nyumbani, namkuta Neema kashika raba.

Anamfuta bibi yake, aweke theluji.