Pipa Jekundu la Kendwa

Siku yangu ya kwanza kiwandani Bububu, Meneja hakunionyesha sabuni. Alinipeleka uani penye bomba lililozungushiwa magunia.

"Liguse, Bi Zuhura. Taratibu lakini."

Lilikuwa la moto.

"Mvuke wa jirani huo. Akishafua mashuka ya mahoteli, unaobaki unatuchemshia mafuta. Na sisi tunampa sabuni ya kufulia."

Ndivyo tulivyoishi. Hoteli zilitupatia mafuta yaliyokwisha kukaangia, tukayachuja, tukayapika na kostiki, ile dawa kali inayoyageuza sabuni. Vijana wa leo mna majina marefu ya mpango huu. Sisi tuliuita ujirani.

Baadaye nilipandishwa kuwa mkaguzi wa mafuta, kazi ya kuzunguka majiko ya hoteli nikinusa na kutazama rangi. Asubuhi moja huko Kendwa, mpishi aliyeanza kazi wiki iliyotangulia, kijana mwenye adabu zake, aliniambia kwamba karai lake hukaanga viazi, samaki, na nyama ya nguruwe ya wageni. Mpishi wa kabla yake alikuwa akiyatenga mafuta ya nguruwe. Pipa lake la kwanza tulikwisha kulichukua.

Nilirudi mbio kwa Meneja, nikamweleza.

"Yashaingia tangini?" aliuliza.

"Yashaingia, yashachanganyika na ya hoteli zote. Sabuni bado hatujaipika."

Akasema, "Wapo watakaosema kostiki inageuza kila kitu, hayawi mafuta tena."

"Watasema. Lakini mama'angu ananawia sabuni hii kabla hajatawadha, Meneja. Mie siwezi kumwambia hivyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Basi hatuyapiki."

Mafuta ya tangi zima tulimpa jirani, akayachoma kwenye boila lake, lile tanuri la kutengenezea mvuke. Tungeweza kuishia hapo tukanyamaza, na mimi, nasema kweli, nilitaka tunyamaze. Watu wakiingiwa na kinyaa, kiwanda kinafungwa na sote tunarudi majumbani. Meneja alikataa katakata. Tulipita duka kwa duka, kuanzia Darajani mpaka Makunduchi, tukieleza kilichotokea na kwamba hakuna kipande kilichopikwa kwa mafuta yale. Baadhi ya wenye maduka waliturudishia makatoni palepale. Kwa majuma kadhaa mitambo ililala, nami usingizi ulinipaa.

Tulianza tena polepole. Tangu hapo kila jiko linalopika nguruwe lilipewa pipa jekundu, na pipa jekundu haliji kwetu, linakwenda moja kwa moja kwenye boila la jirani.

Nilipostaafu nilikwenda kumuaga Bwana Karim, mwenye duka la Mlandege, ambaye siku zile hakurudisha hata kipande kimoja. Nikamuuliza kwa nini.

"Wanaoniletea bidhaa ni wengi, Bi Zuhura," alisema huku akimfungia mteja sukari. "Waliokuja wenyewe kunambia habari mbaya ya bidhaa yao, ni nyinyi tu."

Machozi yalinitoka mbele ya wateja wake, wala sikuona haya.