Alizeti Yangu na Asali ya Kaka

Mimi nimetengeneza mmea ambao haukuwahi kuwepo duniani. Nasema hivyo bila aibu, na sitaki kusahihishwa na mtu aliyesoma habari hizi kwenye simu yake akisubiri kunyolewa. Vijiweni hapa Tabora watu wanadhani sisi wa maabara tunachukua sindano tukachoma mbegu. Wengine wanadhani tunapuliza dawa shambani. Niliacha kubishana nao zamani.

Stashahada yangu ya ufundi wa maabara nilijisomesha mwenyewe. Nilichuma tumbaku za watu kijijini kwetu Ipole, nikalinda ghala la watu Tabora mjini, nikauza baiskeli yangu, nikasoma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Baadaye nilivuka mpaka hadi Afrika Kusini, nikafanya kazi miaka tisa katika maabara ambayo sakafu yake ilikuwa safi kuliko sahani za hoteli nyingi nilizolia chakula.

Na huko, kwa kejeli ya dunia, mmea niliokabidhiwa siku ya kwanza ulikuwa tumbaku. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekimbia utomvu wake mweusi unaoganda vidoleni, nao ukanitangulia. Watafiti wanaipenda kwa sababu kipande cha jani lake, ukikilisha vizuri, kinakubali kuwa mmea mzima tena. Mimea mingi haina subira hiyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake hupenyeza kipande cha vinasaba vyake ndani ya mmea wenye jeraha. Mmea huota uvimbe na kuanza kumlisha mgeni. Wataalamu walimwondolea yale ya ugonjwa, wakamwachia uwezo wa kupenyeza. Ndani yake ana kipete kidogo cha vinasaba. Kipete hicho tunakikata kwa vimeng'enya, tunapachika jeni tunayoitaka, tuseme ya kuhimili ukame iliyotoka kwenye mmea mwingine kabisa, na jirani yake tunaweka jeni ya kuhimili dawa fulani, ili baadaye tujue nani kapokea mzigo na nani hakupokea. Kisha tunamrudishia bakteria kipete chake. Nilipomweleza kaka yangu nilimwambia huyo ni mpagazi: anabeba asichokijua kwenda asikokujua.

Zamu yangu ilianzia hapo. Nilikata jani vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikavitumbukiza kwenye maji yenye bakteria, nikavikausha kwa karatasi safi, nikavilaza kizani siku mbili juu ya chakula kinachotikisika kama jeli. Kisha nikavihamishia chakula kingine chenye dawa mbili, moja ya kumuua bakteria kwa kuwa kazi yake imekwisha, nyingine ya kuua kila seli ambayo haikupokea jeni. Vipande vingi hugeuka njano, halafu vyeupe, vinakufa. Vichache, baada ya majuma kadhaa, hutoa kinundu cha kijani ukingoni. Kinundu kinakuwa chipukizi, chipukizi linapata mizizi, linahamia kwenye udongo, na hata hapo hujaamini mpaka upime jani lake uone jeni imo kweli.

Ukungu mmoja ukiingia, kazi ya miezi inatupwa. Visahani vyangu havikuwahi kuota ukungu. Wenye shahada tatu walikuwa wanakuja kuniuliza nanawaje mikono. Lakini andiko la utafiti lilipotoka lilikuwa na majina saba, langu halikuwemo. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, waliwashukuru mafundi wa maabara. Mkataba wangu ulipokwisha haukurudiwa. Nikarudi na stashahada yangu ndani ya fremu, masanduku mawili, na chupa sita za kioo zenye vifuniko ambazo maabara ilikuwa inazitupa.

Nilipanga chumba Isevya, Tabora mjini, nikanunua ekari moja Ipole, jirani na kaka yangu. Yeye hakwenda shule zaidi ya darasa la saba, lakini kwa nyuki hana mwenzake. Anajua mti upi utachanua lini, na mzinga upi una hasira. Misimu mitatu alikuwa akihangaika kuingia kwenye orodha ya kikundi cha wafuga nyuki ambacho asali yake inanunuliwa na watu wa ng'ambo. Alitoa mizinga yake kwenye mashamba ya tumbaku yanayopigwa dawa, akajifunza kuchuja bila kuunguza, akaandika kila alichofanya katika daftari kwa mwandiko wake wa taabu. Mwaka niliorudi ndio mwaka jina lake lilipoingia.

Kwetu kuna desturi ambayo nadhani imebaki tangu enzi za misafara, wakati babu wa baba yangu alipokuwa akibeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Aliyerudi kutoka mbali huketishwa, hulishwa, halafu husimulia. Hakatizwi. Hakuna kuuliza kama ni kweli mpaka aseme mwenyewe amemaliza. Basi nilipofika kwa kaka nilisimulia, nao wakanisikiliza: kaka, mke wake, majirani, na mama mmoja mzee wa kanisa la Moravian ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Niliwaeleza bakteria, kipete, chakula cha jeli, kila kitu. Nilipomaliza, mke wa kaka alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Shemeji, hebu tutilie jeni ya mbuzi kwenye muhogo. Tuchimbe shina moja tupate ugali na mboga."

Walicheka mpaka wakafuta machozi, nami nikacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza kama kazi hiyo naweza kuifanya hapahapa Ipole. Nikamjibu kwamba nikipewa chumba kisafi na umeme usiokatika, nashindwa nini. Aliitikia kwa kichwa taratibu.

Msimu ulipoanza nilinunua mbegu chotara za alizeti kwenye duka la pembejeo pale Tabora mjini. Mbegu za kawaida kabisa, zilizopakwa dawa nyekundu, kama anazonunua mtu yeyote. Chotara ni mzazi wa huku kuchavushwa na mzazi wa kule, jambo ambalo hata upepo na nyuki hulifanya. Hakuna jeni iliyopachikwa. Mvua ilinikuta njiani, pakiti ikalowa na kuchanika. Nilipofika kwa kaka nikazimimina zile mbegu kwenye chupa zangu za kioo, nikabandika karatasi na kuandika tarehe na namba, kama nilivyozoea kazini. Sikuwa na nia nyingine. Au niseme nia nyingine ilikuja baadaye, nilipoona watu wanavyoziangalia zile chupa.

Alizeti iliota sawasawa kama iliyopimwa kwa kamba. Nilikuwa nimepanda kwa nafasi, nikapalilia kwa wakati, nikaweka mbolea. Waliokuwa wanapita njiani walisimama. Siku moja mwenyekiti naye alisimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama alizeti kwa muda.

"Mwanangu, hii ndiyo ile kazi yako ya maabara?"

Nilijua anachouliza. Kusema "hapana mama, nimenunua dukani" kungechukua muda mfupi kuliko kupangusa jasho. Nikasema, "Mama, kazi ya mtaalamu unaijua kwa macho."

Akanipongeza, akaenda zake.

Mkaguzi wa kikundi alikuja alizeti ikiwa imechanua. Alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye shahada na viatu visivyojua tope, na alikuwa na fomu ndefu. Wanachama walikusanyika kwenye banda la kuchujia asali, nami nikaenda na kaka kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nimsaidie maneno magumu. Maswali yalikwenda vizuri. Dawa za mashambani, maji, ndoo, moshi unaotumika kurina. Halafu akauliza kama ndani ya eneo wanalofika nyuki kuna mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Aliuliza huku kalamu yake ikiwa tayari kwenye kisanduku cha "hapana", maana huku hakuna mtu aliyewahi kumjibu vingine.

Mwenyekiti akanyoosha mkono. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na hawezi kuweka sahihi chini ya jambo ambalo macho yake yanaliona ni kinyume. Akaeleza kwa upole kabisa, tena kwa fahari, kwamba kijana wao amerudi kutoka maabara za ng'ambo na ametengeneza alizeti yake mwenyewe. Akanielekezea kiganja kizima, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

Kaka alinigeukia. Mkaguzi akauliza, "Ni kweli, mkubwa?"

Nikasimama, nikasema mbegu nilinunua dukani Tabora. Lilikuwa jibu lote lililohitajika. Ningeketi hapo, kaka angebaki kwenye orodha. Lakini mkaguzi alitabasamu, tabasamu dogo la watu wa Dar, akasema, "Kwa hiyo habari za maabara zilikuwa stori tu?" Na nyuma yangu jirani mmoja akasema, "Profesa wa pakiti." Banda zima likacheka.

Sikuweza kukaa. Miaka tisa ya mikono yangu, majina saba bila langu, halafu nichekwe na watu ambao hawajawahi kuona hata darubini? Nilimweleza yule kijana. Nilianza na bakteria, nikaja kwenye kipete, nikaja kwenye jani na visahani. Nilimwambia naijua kazi ile kuliko aliyemfundisha chuoni, na kwamba hata alizeti ningepewa ningeibadilisha. Kaka alinivuta shati kwa chini, mara moja tu. Wengine wote walisubiri nimalize, kama wanavyomsubiri mtu aliyerudi safari. Mkaguzi tabasamu lilikuwa limemtoka. Alikuwa anaandika.

Nilipopumua aliniuliza, "Ulirudi na kitu chochote kutoka kwenye hiyo maabara?"

Nikasema chupa tu, chupa tupu, zilizooshwa.

"Na hizi mbegu ulizihifadhi wapi kabla ya kupanda?"

Nikamwambia. Na mara hiyo nikaona nilichofanya. Nilimweleza kwamba jeni haing'ang'anii kwenye kioo kama harufu ya mafuta ya taa, kwamba haiwezi kuruka kutoka kwenye chupa kavu ikaingia kwenye mbegu, kwamba mambo hayo yanahitaji yote yale niliyoyaeleza. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema huenda ni kweli, ila fomu haina nafasi ya huenda. Aliomba pakiti ya mbegu, sikuwa nayo. Akachukua majani ya alizeti yangu akayatia kwenye mfuko, yakapimwe. Mpaka majibu yatoke, mizinga iliyo karibu na shamba langu inaondolewa kwenye orodha. Mizinga iliyo karibu na shamba langu ilikuwa ya mtu mmoja.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani nikaanza kumweleza kaka kwamba majibu yatakuwa safi, hakuna namna nyingine. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia.

"Mdogo wangu, mimi nilijua ni za dukani. Shemeji yako aliiona ile pakiti iliyochanika siku uliyofika nayo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale bandani.

"Ningesemaje? Ningesimama mbele ya watu niseme ndugu yangu anajisifia alizeti ya kununua? Nilikuachia useme mwenyewe. Ukasema, halafu ukaendelea."

Asubuhi yake nilimkuta shambani kwangu na panga. Hakuniomba ruhusa. Alikuwa anafyeka alizeti mstari kwa mstari, taratibu, akisubiri nyuki waondoke kwenye kila ua kabla ya kukata shina. Nilimwambia haina maana, majani yamekwisha chukuliwa. Akasema anajua. Nikaenda stendi nikapanda basi la Tabora.

Majibu yalitoka msimu wa kurina ukiwa umepita. Asali ya kaka ilikuwa imekwisha uzwa barabarani kwenye chupa za maji, kwa wapita njia, ikiwa imechanganywa na ya watu wanaorina kwa kuchoma. Karatasi ilisema hakuna jeni ngeni iliyopatikana. Nilikuwa sahihi kwa kila neno. Niliipeleka Ipole mwenyewe, nikamkuta anafunga mizinga kwenye baiskeli aipeleke mbali zaidi, porini, umbali ambao mtu hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Nikamsomea karatasi yote. Aliuliza tu kama mwenyekiti ameiona. Nikasema ameiona.

Alikaza kamba ya gome, akaijaribu kwa kuivuta, halafu akaniambia kwamba orodha inafunguliwa upya na mkaguzi atarudi. Ana ombi moja kwangu. Siku hiyo nisiwepo Ipole.

Alilisema bila hasira, kama anavyowaambia watu wasipite karibu na mzinga wakiwa wamejipaka mafuta ya kunukia. Nikamjibu hakuna shida, siku hiyo nitakuwa na kazi Igalula. Akanishukuru. Sina kazi yoyote Igalula.