Kamba za Buluu na Kamba Nyekundu

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwenzangu, nyongo hunipanda. Tulisomea kazi ya mifugo pamoja, tukapanga chumba kimoja Moshi mjini, tukala sahani moja. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, tulipelekwa Old Moshi kujaribu dawa mpya ya minyoo ya ini.

Ng'ombe wetu wa mlimani hawaendi malishoni. Hula ndani ya nyumba, majani ambayo akina mama huyabeba kichwani kutoka tambarare, na minyoo hupanda mlima na majani hayohayo. Walionyweshwa dawa tuliwafunga kamba ya buluu kwenye pembe, wasiopewa dawa nyekundu. Kila wiki tuliwapa alama: sifuri ni mzima, tatu ni wa kufa. Hakuna aliyeruhusiwa kumpima ng'ombe wa kwao, kwa hiyo ng'ombe wa mama, wa kamba ya buluu, alipimwa na mwenzangu.

Akaandika mbili. Wiki ya pili akaandika moja. Mama alikuwa anangoja neno langu tu amchinje mnyama angali amesimama, maana kibudu hakiliwi, na kwetu kila ndugu ana fungu lake la nyama. Nikamwambia, "Mama, mwache. Anapona." Alhamisi tukamkuta amekufa. Tukamfukia mgombani mzimamzima, ndugu wametukodolea macho. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Wiki iliyofuata nilimtangulia mwenzangu kwenye nyumba mbili, nikawaomba wenyewe ruhusa, nikabadilisha kamba za ng'ombe wao, ya buluu huku, nyekundu kule. Ng'ombe mmoja alikuwa amevimba chini ya taya. Wiki iliyopita mwenzangu alimpa tatu. Sasa ana buluu. Mwenzangu akainama, akampapasa taratibu, akaandika moja. Kule kwingine, ng'ombe mwenye nafuu aliyevaa nyekundu akapewa tatu. Hakuwa anapima ng'ombe. Alikuwa anapima kamba.

Nikamweleza nilichofanya, nikamfungulia daftari lake palepale uani. Nilitaka anidanganye nipate sababu ya kumzaba kofi. Akatazama kurasa zile.

"Ndugu yangu, haki ya Mungu, niliwaona wanapona."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Mwongo ningemjua mapema. Huyu alinisaliti kwa moyo mweupe, na mimi nilimwamini kwa sababu ya moyo huohuo.

Nikapanda kwa mama na hasira zangu zote. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwambia kwamba mwenzangu ndiye aliyetuponza, nikamtukana huyo mwenzangu mpaka nikachoka. Mama hakuacha kumenya.

"Yule ni mtoto wa watu," akasema. "Wewe ulikuwa unakula hapa kila Jumapili, ng'ombe yuko nyuma yako. Uliwahi kugeuka ukamtazama?"