Siku za Upepo, Bibi Alimfukuza Baba

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mwanakwaya mmoja wa parokiani kwetu hapa Fort Worth alinifuata mpaka kwenye gari. Kanunua mashua, kanunua na kioo cha kuwaonea samaki chini ya maji, na bado anarudi mikono mitupu. Akataka nimpe mbinu za baba yangu za kumvua walleye, yule samaki mwembamba mwenye macho meupe, katika ziwa ambalo mtu halijui. Mbinu! Mtu aliyekuwa akihama benchi kanisani eti baba ananuka chambo. Nilimwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote, rafiki yangu. Nilikuwa na hasira, na si yeye peke yake aliyenitia hasira ile.

Tulipofika nchi hii kutoka kambini Kigoma, tulipewa apatimenti ya vyumba viwili, ghorofani: baba, mama, mimi, na bibi mzaa mama. Kwetu Burundi, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hali naye sahani moja, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja anakatia shambani. Sasa Texas wakatie wapi, na korido ni moja na choo ni kimoja? Wakagawana nyumba. Bibi akachukua jiko, baba akachukua sebule, na mimi nikawa wa kupeleka maneno. Mwambie baba yako hivi, mwambie bibi yako vile. Anayeambiwa yuko pale pale, anasikia kila kitu, lakini lazima nirudie ndipo ajibu. Niliichukia kazi ile. Na wao walichukiana, tusidanganyane. Heshima ilikuwa kifuniko tu cha sufuria.

Halafu mama akajifungua mdogo wangu kwa upasuaji. Alirudi nyumbani hataki chakula, maziwa hayatoki, na mtoto kila akipewa ya kopo anatapika. Alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki anafungua mdomo tu. Nesi alisema asipoongezeka uzito watamrudisha hospitali. Bibi akasema mzazi anataka mchuzi wa samaki wa leo leo, mwenye kichwa chake, si wale wa barafu wa dukani ambao yeye aliwaita maiti. Akanituma nimuulize baba: mwanamume aliyezaliwa Rumonge, kwenye maji, anakosaje samaki mmoja?

Baba hakukaa bure. Kila siku yake ya ofu kule ghalani alikofanya kazi alikwenda ziwani, mwendo mrefu magharibi ya mji, kibali chake cha uvuvi kimebanwa kwenye kofia. Lakini alilivua ziwa la watu kama Tanganyika. Alichagua siku tulivu, jua kali, maji ya kuonekana mpaka chini, akatupa mshipi mbali kwenye kina. Akarudi na ndoo kavu. Upepo ukivuma hatoki, anakaa sebuleni ananoa ndoano, maana kaka yake mkubwa alizama kwa upepo wa namna hiyo na yeye alimsubiri ufukoni asimwone.

Siku moja upepo uliamka na vumbi, ukatikisa madirisha. Jikoni mawese yalikuwa yamechemka, vitunguu vimekatwa, sufuria inasubiri. Chumbani mtoto alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kule kulitisha kuliko kilio. Bibi akasimama mlangoni mwa jiko, macho kayaelekeza ukutani.

"Mwambie baba yako samaki haji sebuleni."

Nikamwambia. Baba alinyanyuka, akabamiza mlango, nikamkimbilia garini. Njia nzima alimtukana bibi kwa Kirundi, matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Pale ziwani upepo ulikuwa unasukuma maji yote upande wa ukuta wa mawe, yakawa kahawia kama chai ya maziwa. Mashua asingepanda kwa upepo ule. Akasimama juu ya mawe, akashusha chambo chini ya miguu yake, katika uchafu ule, kwa hasira tu, apate kurudi akaseme nimekwenda na hakuna kitu. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikagusa chini. Akavuta polepole, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuvuta haraka. Mshipi ukakaza.

Kumbe mbinu yote ndiyo hiyo. Walleye hapendi mwanga, macho yake ni ya maji machafu. Upepo unaleta dagaa kwenye mawe, naye anawafuata. Baba alikuja kuyaelewa baadaye. Siku ile alifukuzwa tu.

Bibi alipofunua ndoo akarudi nyuma. Akaniambia nimwambie baba kwamba samaki huyu ni kipofu, na mzazi halishwi kipofu, ataharibu macho ya mtoto. Sikupata nafasi ya kurudia. Baba aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akamtazama usoni.

"Mama, pika."

Bibi alipika. Alipopakua, mchuzi ukamwagika jikoni. Mama alikunywa, akala kichwa, macho na yote, akaomba tena. Siku zile zile maziwa yakaja. Na wale wawili? Wakarudi kwenye kununa kwao, na mimi kwenye kazi yangu, mpaka nikawa mtu mzima. Kila upepo ulipovuma, bibi alimfukuza baba, naye alikwenda akilaani.

Bibi tulimzika mwaka jana. Nilidhani baba sasa atapumua. Ndoo iko barazani imejaa majani makavu, na hakuna anayegombana na mtu nyumbani mle. Mdogo wangu, mwenye macho mazima kuliko sisi wote, anajibu kwa Kiingereza na samaki hataki hata kumnusa.

Leo upepo umevuma tangu alfajiri. Nilimkuta baba sebuleni, ndoano mkononi, anatazama mlango wa jiko. Nikaenda nikasimama pale pale, nikatazama ukuta.

"Baba, bibi anasema nikwambie, samaki haji sebuleni."

Aliweka ndoano chini, nikadhani nimemkosea. Kisha akajibu bila kunitazama.

"Mwambie bibi yako natafuta viatu."