Kiti cha nyuma kilikuwa cha mama

Saa mbili asubuhi, mtaa wa nyuma ya soko la Kibondo. Tamimu Twalibu amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki yake, spana mkononi, anapambana na nati iliyoshika kutu. Wenzake wa kijiweni wanapita na abiria wao, wanampigia honi. Mmoja anapunguza mwendo na kumrushia neno: "Bosi, leo tena kazi umeilaza?"

Tamimu anaisukuma spana kwa nguvu. Nati inalegea, anachomoa springi nene iliyopakwa rangi nyekundu na kuiweka chini, mbali kidogo na mguu wake.

"Hii ndiyo iliyoniponza," anasema. "Na hakuna aliyenilazimisha. Niliilipia mwenyewe."

Tamimu ana miaka 43, na huu ni mwaka wake wa kumi na nne katika kazi ya bodaboda. Ila chombo alichokiinamia asubuhi hii si bodaboda, au tuseme hakikuzaliwa bodaboda. Ni pikipiki kubwa ya Kijapani ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo mbele na injini ya cc 650 inayonguruma kwa sauti ya chini. Mji mzima wa Kibondo unaifahamu. Wasioifahamu huisimamisha barabarani na kuuliza bei.

Aliinunua Novemba mwaka jana mjini Kasulu, kwa mzee Anaclet, dereva mstaafu wa misheni. Alitoa shilingi milioni sita, fedha ambayo ingemnunulia bodaboda mpya mbili. Kijiweni walimcheka wiki nzima. Mtu mwenye akili, walisema, angenunua hizo mbili, moja aendeshe, nyingine aikodishe.

Lakini Tamimu hakuwa akitafuta biashara. Alikuwa akitafuta kiti.

Mama yake, Bi Mwanahawa, ana miaka 74. Miaka minne iliyopita aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na ikaunga vibaya. Tangu hapo ngazi za basi zimemshinda, na bodaboda ya kawaida ikipita kwenye tuta moja tu anatoa machozi. Mdogo wake wa pekee, Siti, aliolewa Buhigwe, upande wa pili wa Kasulu. Ndugu hao wawili, waliokuwa wakitembeleana kila baada ya mavuno, wakabaki na simu.

"Kila Ijumaa wanapigiana," anasema Tamimu. "Kila Ijumaa mama mdogo anauliza, 'Mnakuja lini?' Na mama anasema, 'Muulize mwanao.' Mimi nipo hapo hapo, nasikia."

Ndipo akasikia habari za pikipiki ya mzee Anaclet, ambayo watu wa Kasulu walisema ukipanda unasinzia.

Mzee Anaclet ana miaka 70 na ushee, na macho yake yameanza kumsaliti, ndiyo maana aliuza. Nilipomtembelea nyumbani kwake Kasulu alinionyesha banda ilimokuwa ikilala pikipiki hiyo. Sakafu ni ya saruji, imedekiwa, haina hata tone moja la oili. Nimeona vyumba vya wageni visivyo safi kama lile banda.

"Alikuja asubuhi," anakumbuka mzee Anaclet. "Nikamwambia, weka mkono kwenye injini kwanza. Ni ya baridi? Haya, sasa washa. Muuzaji akikupokea injini ikiwa ya moto, kijana wangu, jua kuna jambo amelificha."

Iliwaka mara ya kwanza. Akampa daftari lenye tarehe za kila oili iliyobadilishwa kwa miaka kumi na moja. Kisha akamfundisha jambo ambalo Tamimu hakuwahi kulisikia kijiweni: kwamba pikipiki ya namna ile hurekebishwa kwa uzito wa anayepanda. Chini ya kila shokapu ya nyuma kuna pete ya kuzungusha. Mtu akikaa, kiti kinatakiwa kishuke vidole viwili. Kikishuka zaidi, kaza kidogo. Kisiposhuka, legeza.

"Nikamwambia, hizi shokapu ndizo pikipiki yenyewe. Hayo mengine ni mabati," anasema mzee Anaclet. "Aliitikia vizuri sana. Wanaitikia vizuri sana, hawa vijana."

Siku ya tatu Tamimu alimpandisha mama yake. Alipima vidole viwili, akakaza, akapima tena. Wakazunguka mji, wakapita sokoni na msikitini, wakarudi. Bi Mwanahawa alikuwa amejifunga kanga mpya, na alimsalimia kila mtu aliyemwona, hata asiyemjua.

"Ilikuwa kama nimekaa kitandani kwangu," anasema Bi Mwanahawa. "Nikamwambia, kesho twende kwa Siti."

Tamimu akaomba miezi miwili. Milioni sita zilikuwa zimemwacha mweupe, na alitaka kujikusanya kidogo ili wasiende mikono mitupu. Ngojangoja huumiza matumbo, Waswahili wamesema, lakini nani asiyeomba miezi miwili?

Januari yakaja maharage. Wakulima wa Busunzu, kwenye barabara ya Kasulu, walikuwa wakitafuta wa kuwapelekea magunia mjini, na macho yao yakaiona ile injini. Bodaboda ya kawaida inabeba gunia moja, yakizidi ni mawili kwa kulazimisha. Ya Tamimu ingebeba matatu bila kukohoa. Siku nzuri ya abiria humpa shilingi elfu kumi na tano. Siku ya maharage ilimpa elfu arobaini.

Tatizo lilikuwa moja: ilibonyea. Kwa magunia matatu madigadi yalisugua tairi.

Hapa Kibondo tatizo hilo lina dawa moja, na kila pikipiki mpya hupewa kabla haijaanza kazi, kama mtoto anavyopewa chanjo. Inapelekwa kwa fundi, shokapu zinatolewa, mahali pake zinawekwa springi nene zilizokatwa kutoka springi za gari, chuma cha mizigo kinachomelewa nyuma, na sponji laini ya kiti inabadilishwa kwa ngumu isiyokatika. Asiyefanya hivyo anaonekana bado mgeni wa kazi.

Fundi wake ni Saady, kijana mcheshi ambaye hakatai kwamba alifanya kazi hiyo. "Nilimwambia, kaka, hii kitu ni ya mayai, inataka chuma," anasema. "Akasema chuma weka. Nikaweka."

Tamimu aliliwaza jambo la mama yake? Namuuliza. Anafuta spana kwa kitambaa.

"Niliwaza," anasema. "Nikajiambia, mama ni mwepesi. Pikipiki iliyozoea magunia matatu, mama ataihisi wapi? Nilifikiri ngumu ndiyo imara. Kumbe mtu mwepesi ndiye anayerushwa. Miaka kumi na nne niko juu ya pikipiki, sikulijua hilo."

Machi, siku ya Jumatano, simu ikapigwa kutoka Buhigwe. Mpigaji alikuwa Mwajabu, binti wa Siti. Mama yake alikuwa mgonjwa, hali chakula, anamtaja dada yake.

Kesho yake asubuhi waliondoka. Tamimu alifunga mito miwili juu ya kiti. Barabara ilikuwa lami nzuri, na hilo ndilo linalomuuma zaidi, kwa sababu hawezi hata kulaumu mashimo. Kila kiungo cha daraja, kila tuta la kijiji kilipanda moja kwa moja hadi kwenye nyonga ya mama yake. Hakupiga kelele. Alikuwa amemshika mwanawe kiunoni, na kila walipogonga tuta vidole vilizama zaidi.

Walipofika Busunzu alisema neno moja: "Nishushe."

Alilala kwenye baraza la duka, kanga usoni. Wenye duka walileta maji. Tamimu akasema atatafuta gari waendelee, mama yake akatikisa kichwa. Hakuweza tena kukaa. Gari lililopatikana lilimrudisha Kibondo akiwa amelala, na kwa wiki mbili hakusimama bila kushikwa.

Siku ya tisa baada ya safari hiyo Siti alifariki. Walimzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Tamimu aliwahi kaburini, peke yake, juu ya pikipiki ile ile. Mama yake aliyasikia maziko hayo kwa simu, sauti ikikatika.

Baada ya maziko Mwajabu alimwita Tamimu pembeni. Hakumlaumu. Alimwambia tu yaliyotokea ile Alhamisi ya safari, na Tamimu anayasimulia huku akitazama ardhi.

"Alisema, 'Kaka, mama siku hiyo aliomba aogeshwe. Akataka mkeka mlangoni. Tangu asubuhi akawa anasikiliza pikipiki. Kila inayopita anauliza, ni wao? Ya mwisho kupita jioni ndiyo nikamwambia hamji.'"

Anasimama, anakwenda kunawa mikono ambayo haijachafuka sana.

Aliacha kubeba magunia mwezi Mei. Sasa anabeba abiria mmoja mmoja tu, na kipato kimerudi pale pale kwenye elfu kumi na tano, siku mbaya elfu nane. Alirudi Kasulu kwa mzee Anaclet, akapokelewa kwa chai na kwa maneno. "Nilimwambia mtaka yote hukosa yote," anasema mzee. "Halafu nikaona analia. Nikamwandikia vipimo vya sponji."

Shokapu zenyewe zilikuwa shughuli nyingine. Kwa desturi ya mafundi wa hapa, kilichotoka kwenye pikipiki ni cha fundi, mteja akishaondoka bila kukidai. Moja ilikuwa kwenye pikipiki ya Saady mwenyewe. Aliitoa bila ubishi, akakataa malipo. Nyingine aliiuza kwa mtu wa Gwarama, wilaya ya Kakonko, na Tamimu alikwenda huko mara tatu kabla ya kumpata. Alirudi nayo juzi, imefungwa kwenye kiroba, kama mtu aliyetoka kununua samaki.

Ndiyo anayoifunga asubuhi hii. Anaingiza boliti, anazungusha pete, anakaa, anashuka, anapima kwa vidole. Sponji mpya iko tayari. Anapanga kuondoka na mama yake mwezi ujao, Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Watalala Kasulu kwa mzee Anaclet, kesho yake wataingia Buhigwe taratibu.

Mlango wa nyumba yao unafunguliwa. Bi Mwanahawa anatoka na mkongojo wake, hatua fupi fupi. "Mwakeye," anatusalimu kwa Kiha. Anafika kwenye pikipiki, anaweka kiganja juu ya kiti cha nyuma, anakibonyeza kwa uzito wake wote, kama mwanamke anayepima unga uliokandwa. Kiti kinashuka, kinapanda polepole.

Tamimu anamtazama usoni. "Sasa je, mama? Tunaweza kwenda hata wiki ijayo. Nikimaliza leo, tunaweza."

Bi Mwanahawa anakibonyeza mara nyingine, bila haraka.

"Kimekuwa laini," anasema. "Nitapanda, mwana wanje, mwanangu. Lakini usijichoshe. Mwenye haraka alikuwa Siti."