Kura Aliyomnyima Mtani

Mwanvita binti Hija wa Kiwangwa alizaa watoto watatu, akazika wawili kabla hawajatambaa. Akabaki na Sihaba, na huyo Sihaba naye alikuwa na pumu. Ikimshika, mbavu zinaingia ndani, midomo inapoteza rangi, macho yanamtafuta mama. Kilichomfungua ni sindano, na sindano Kiwangwa nzima ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Majaliwa, dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati.

Baba yake Majaliwa alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, akasahau kurudi Tabora. Mwanvita ni Mkwere. Sasa Mkwere na Mnyamwezi ni watani, na utani wao si wa kubembelezana. Kwa miaka kumi na minne Mwanvita alimwita Majaliwa mpagazi aliyetupa mzigo njiani, na Majaliwa alimwita mvivu wa Pwani anayesubiri muhogo ujichimbe wenyewe. Hata siku ile Sihaba, wakati huo ana miaka mitano, alipoletwa amelegea kabisa, Majaliwa aliuliza huyu mzembe amemlisha nini mtoto, huku tayari anapuliza moto kuchemsha sindano. Mwanvita alimtukana akilia. Hivyo ndivyo walivyopendana, na kijiji kizima kilimpenda hivyo hivyo.

Ukafika mwaka 1965 na uchaguzi wa mbunge ambao watu hawakujua waushike wapi. Chama kimoja, wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho. Walizungushwa vijijini ndani ya Landrova moja, wakipandishwa jukwaa moja, kila mmoja akipewa dakika zake, marufuku kugawa hata kipande cha sukari. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba. Jembe lilimwangukia Alawi, mtoto wa wafanyabiashara wa Bagamoyo mjini, mwenye viganja laini ambavyo havijawahi kushika mpini. Nyumba ikawa ya Majaliwa, yeye aliyekuwa akilala kwenye chumba cha nyuma cha zahanati.

Walipofika Kiwangwa, Alawi alisema maneno mazuri yasiyokumbukwa na mtu. Majaliwa aliposimama, vigelegele vilimzuia kuanza, na cha Mwanvita ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Kisha Majaliwa akasema wakimchagua atahamia Dar es Salaam, akakae Bungeni awasemee juu ya barabara na maji. Akasema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Mwanvita hakupiga kigelegele cha pili. Alimtazama Sihaba aliyekaa miguuni pake akichora vumbi kwa kijiti, akajiuliza huyu nani atamdunga.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani kwamba anamwombea mabaya mtu aliyemfufulia mwanawe? Siku ya kura alipanga foleni tangu asubuhi, akaingia nyuma ya turubai na karatasi yake, akakaa humo hata karani akakohoa. Alikuwa akijituliza. Kura moja haimwangushi mtu, alijiambia, wenzangu wote wanampa, atashinda tu, mimi roho yangu iwe safi kwa mwanangu. Na hapo hapo alikuwa akimwomba Mungu kura hiyo moja imwangushe. Mtu wa kalamu atakwambia mawazo hayo mawili hayakai chungu kimoja. Kwa Mwanvita yalikaa, yakaiva. Akaweka alama kwenye jembe.

Masanduku yalihesabiwa Bagamoyo, wagombea wakishuhudia. Sanduku la Kiwangwa lilipomiminwa mezani, Majaliwa alivuta kiti karibu, kwa kuwa hilo lilikuwa lake. Jembe, jembe, jembe. Katika kura mia nne na ushee, nyumba zilikuwa tisa. Wanasema aliomba zihesabiwe tena, na ziliporudi tisa alimpa Alawi mkono, akatoka.

Hapo tena Kiwangwa ikawa kama imefiwa. Watu walimiminika zahanati kumpa pole, na kila mmoja aliapa kwa jina la Mungu kwamba alipiga nyumba. Mwanvita alisimama mlangoni akiwasikiliza mmoja mmoja, Chausiku aliyezalishwa kwa mikono ya Majaliwa, mzee Mohamedi mwenyekiti wa tawi aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Akawaelewa wote, kwa kuwa alijiona mwenyewe. Kila mtu alidhani yeye peke yake ndiye mwizi. Majaliwa aliitikia asanteni, asanteni, akiwa amekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Mwanvita alimfuata mzee Mohamedi, akamsihi aende kama kiongozi amweleze Majaliwa ukweli kwamba kijiji kilitaka abaki. Mzee akakasirika. Ukweli gani, wakati yeye binafsi alipiga nyumba? Akamshauri anyamaze asije akajitia aibu. Basi ikabidi aende mwenyewe. Alimkuta Majaliwa akifunga vyombo vyake kwa kamba ya mkonge.

"Umewahi, mtani," Majaliwa alisema. "Msiba ndio huu. Ada yako ya mazishi nitakupa sabuni."

"Leo sikuja kwa utani."

"Watani wote huanza hivyo."

"Majaliwa, nisikilize. Kura yangu nilikunyima mimi. Nililiwekea jembe alama kwa mkono huu. Wewe ukienda Bungeni, Sihaba akibanwa nimpeleke kwa nani? Na wenzangu ni hivyo hivyo, wanaona haya tu kusema. Tulikunyima ili ubaki."

Majaliwa alimkodolea macho. Halafu akaanza kucheka, akacheka hata akakaa juu ya mzigo, machozi yakamtoka. Mwanvita akaapa kwa mtoto wake aliye hai na kwa wawili walio ardhini. Lakini alikuwa amewahi kuapa hivyo hivyo, miaka yote, kwamba babu yake Majaliwa aliuzwa kwa debe la chumvi.

"Huu umewazidi wote," Majaliwa alisema akijifuta. "Mnanipenda mpaka mnaniangusha. Nitawasimulia huko niendako." Akampa kipande cha sabuni, kama ada ya mtani msibani ilivyo, na Mwanvita akakipokea kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Lori lilimchukua hadi Chalinze, na kutoka hapo hakuonekana tena. Zahanati ikapata dresa wa kupita, kila baada ya wiki mbili. Sihaba alibanwa wakati wa masika, siku ya nne tangu dresa apite. Ausi, baba yake, alimpakia kwenye baiskeli, Mwanvita akisukuma nyuma, tope magotini. Walikuta mto Ruvu umefurika. Mtoto alikata roho ng'ambo ya huku, mchana kweupe, Bagamoyo ikiwa upande wa pili wa maji.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa mwaka 1970. Mwanvita hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Alipanga foleni, akaingia nyuma ya turubai, akaziona picha zile zile mbili, jembe na nyumba. Safari hii hakukawia. Aliweka alama kwenye nyumba, akaibonyeza sana, akaitumbukiza, akatoka akiwa na nafuu kidogo kifuani.

Nje alimkuta Chausiku, akamuuliza nyumba mwaka huu ni nani.

"Alawi," Chausiku alijibu. "Safari hii wamembadilishia picha."

Mwanvita alirudi ndani, akamwomba karani amrudishie karatasi yake. Karani, kijana mpole wa kutoka mjini, akamwambia, "Shikamoo mama. Haiwezekani, ikishaingia ndiyo basi." Akabaki amesimama kando ya sanduku, foleni ikimpita, mpaka mtu alipomshika mkono na kumtoa.